Maabara ya Agnes Ilikuwa Jikoni

Fundi anapaka meza vanishi, na kabla haijakauka vinafunguka vishimo vya mviringo, mbao tupu ikichungulia. Wengi hulaumu vanishi. Mimi humkumbuka Agnes Pockels.

Alizaliwa 1862, akapenda fizikia, lakini vyuo vikuu vya Ujerumani enzi hizo havikupokea wasichana. Kaka yake mdogo, Friedrich, akaenda chuo. Agnes akabaki Braunschweig kutunza wazazi wagonjwa. Basi jiko likawa maabara. Alijaza maji kwenye chombo cha bati, kisha akapima nguvu inayohitajika kubandua kidude bapa kutoka usoni mwa maji. Mafuta kidogo tu yalibadilisha vipimo vyote.

Siri ya vishimo iko hapo. Uso wa kimiminika hujivuta, kama umetandazwa na kukazwa. Palipobaki nta, mafuta au silikoni, mvuto hupungua. Vanishi ya pembeni, yenye mvuto mkubwa, huivuta ile ya hapo, na mbao inabaki uchi. Ndiyo maana fundi mzuri husafisha kwanza. Kupaka juu ya uchafu ni kazi bure.

Mnamo 1891, baada ya takriban miaka kumi ya kazi ya peke yake, Agnes alimwandikia Lord Rayleigh wa Uingereza, aliyesaidia barua ichapishwe katika jarida la Nature. Digrii ya heshima ilimfikia 1932. Mwaka huohuo Irving Langmuir wa Marekani alipata Nobel kwa kemia ya nyuso. Alistahili, sawa. Lakini yeye alikuwa na maabara. Agnes alikuwa na sinki.