Sinema Isiyo na Jumba: Kutoka Lori la Mkoloni hadi Kibanda cha Video

Ukiuliza historia ya sinema Kenya, watu watakupeleka Nairobi. Watakuonyesha ilikokuwa Theatre Royal, ya mwaka 1912, ambayo baadaye ikaitwa Cameo. Watakutajia Odeon, Kenya Cinema na 20th Century, halafu wakushushe Mombasa kwenye Regal na Majestic. Hiyo ni historia ya majengo. Kwa kipimo hicho, Ogembo haina cha kuhadithia. Ni mji wa soko tu, kwenye barabara ya kutoka Kisii kwenda Kilgoris, migomba na majani chai pande zote.

Lakini watu wa miji kama Ogembo wametazama sinema kwa miaka mingi. Kwao sinema haikuwa jumba. Ilikuwa mtu anayeongea. Picha inacheza, na kando yake kuna sauti ya mtu inayokwambia huyu ni nani, anataka nini, na kwa nini usimwamini. Tangu zamani swali limekuwa moja: nani ana haki ya kutueleza tunachokiona?

Serikali ya kikoloni ililijibu swali hilo mapema. Mwaka 1935, huko Vugiri kwenye milima ya Usambara, Tanganyika, kulianzishwa mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Waliouongoza walikuwa Waingereza wawili, Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham, na pesa nyingi zilitoka kwa Carnegie Corporation ya Marekani. Hadi 1937 walikuwa wametengeneza filamu 35. Filamu hizo zilizungushwa kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini.

Usidhani zilikuwa za kuburudisha sana. Zilikuwa shule: minyoo ya safura, kilimo cha kahawa, mmomonyoko wa udongo. Moja ilihusu benki ya posta. Mtu anazika pesa zake ardhini, mwizi anazifukua, na funzo unalijua: peleka pesa posta. Picha zenyewe hazikuwa na sauti. Maelezo yalirekodiwa kwenye santuri kwa lugha mbalimbali, yakachezwa sambamba na picha.

Vita vya pili vilipoanza mwaka 1939, London ikaunda Colonial Film Unit, na hapo msemaji akapewa kazi rasmi. Filamu ilisafiri na karatasi ya maelezo, na mkalimani wa mahali pale akatakiwa kuyasema kwa lugha ya watu waliokusanyika. Kwenye karatasi, huyo alikuwa kipaza sauti tu. Lakini hebu fikiria: afisa asiyejua neno la Ekegusii angejuaje kama maneno yote yamefika salama? Mkalimani aliyechomeka mzaha wake kuhusu karani wa kodi angekamatwa na nani? Maiki ilikuwa ya serikali, lakini mdomo ulikuwa wake.

Na hadhira haikuwa ngeni kwa mtu wa namna hiyo. Mgusii alishamjua mpiga obokano, ile zeze kubwa ya nyuzi nane, anayeimba huku akisifu huyu na kumchoma yule, wote wawili wakiwa wamekaa palepale. Alishamjua bibi anayesimulia omogano jioni na kubadilisha sauti kila mnyama anapoingia. Sinema ilipofika ikiwa na msimulizi, iliingia kwenye kiti ambacho tayari kilikuwa na mwenyewe.

Baada ya uhuru magari yaliendelea kuja: ya Wizara ya Habari, kisha ya makampuni yaliyotaka kuuza sabuni. Shuka jeupe, jenereta, watoto wengine wamekaa upande wa nyuma wakitazama picha iliyogeuka. Bure kabisa, mradi uvumilie tangazo.

Halafu ikaja kanda ya video, na gari likakosa kazi. Kuanzia miaka ya 1980, mtu mwenye televisheni, deki na chumba cha mabati angeweza kufungua sinema yake. Mabenchi ya mbao, pazia zito mlangoni, ubao wa chaki nje wenye majina ya muvi, spika imegeuzwa barabarani ili wapita njia wasikie ngumi. Bruce Lee. Rambo. Wahindi wanaolia na kuimba na kupigana kwa saa tatu. Wazazi walipachukia mahali hapo, na si bure: ndipo watoto wengi walipojificha siku za shule. Wasichana walikuwa wachache sana.

Shida ilikuwa lugha. Nyumbani ni Ekegusii, sokoni Kiswahili kinaingia, Kiingereza ni cha mtihani, na Kihindi au Kichina hakuna anayejua. Ndipo akaingia DJ. Uganda walikuwa na VJ wao wa Luganda, Tanzania wakawa na Lufufu, na Kenya jina lililovuma kuliko yote likawa DJ Afro. Watu husema anatafsiri, lakini tafsiri ni neno dogo. Anamtania jambazi, anamuonya steringi, anatabiri teke kabla halijatua. Mkalimani wa mkoloni alipewa karatasi asome. Huyu karatasi hana. Kwa mara ya kwanza msimulizi alikuwa upande wa benchi.

Kwa hiyo kijana wa Ogembo alipata vitu viwili kwa bob kumi. Alipata muvi, na akapata Kiswahili cha mtaa wa Nairobi, chenye Sheng na vichekesho, miaka kabla hajapanda matatu ya kwenda huko. Alipofika, alikuta ameshazoea masikio.

Sheria haikumtambua DJ kama msanii. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, iliyoanza kutumika mwaka 1963, inashughulikia leseni na nini kinafaa kuonyeshwa. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inamlinda aliyetengeneza filamu, na kusema kweli wengi wa wasimulizi hawakuomba ruhusa ya mtu. Hilo ni deni halali. Lakini sauti iliyowekwa juu ya picha nayo ni kazi ya mtu.

Siku hizi unajaziwa muvi kwenye flashi, au unatazama kwenye simu, peke yako, na earphone. DJ bado anaongea. Kinachokosekana ni wale wanaomjibu, benchi zima likipiga kelele steringi ageuke.

Filamu chache tu kati ya zile 35 za Vugiri zimesalia, zimehifadhiwa Uingereza. Kelele za mabenchi hazikuhifadhiwa popote. Waliozipiga sasa ni wazazi wetu na kaka zetu wakubwa, na ukiwauliza muvi ilikuwaje, hawakupi jina la mwelekezi wala mwaka. Wanakuigizia sauti ya DJ.