Mdudu wa Jino: Alitoka Wapi, na Jino la Mtoto Huoza Vipi

  Leo tunaongea juu ya meno, lakini kabla ya kufika kwenye mswaki nataka turudi nyuma kidogo. Mengi tunayoyaamini kuhusu meno ya watoto yana historia ndefu, na mama anayeijua historia hiyo si rahisi kudanganywa.

Mtoto akilia jino usiku, utasikia watu nyumbani wakisema, "Ni mdudu huyo." Wala si sisi tu tunaosema hivyo. Watu wa Babeli, nchi ambayo leo ni Iraki, waliandika habari za mdudu wa jino kwenye vibao vya udongo zaidi ya miaka 2,500 iliyopita. Huko Ulaya wagonjwa walifukizwa moshi wa mbegu, kisha wakaonyeshwa vitu vyeupe vilivyoanguka, wakaambiwa ndio wadudu. Kumbe ni vichipukizi vya zile mbegu! Basi mama, mtu akikuambia umlipe akuvutie mdudu kwenye jino la mtoto, jua hila hiyo ni ya zamani sana.

Mwaka wa 1728 daktari Mfaransa, Pierre Fauchard, aliandika kwamba yeye amewatafuta wadudu hao na hakuwaona. Akanyoosha kidole kwa sukari. Lakini sukari inatoboaje jino lililo gumu kama jiwe? Jibu lilitolewa na Mmarekani aliyefanya kazi Berlin, Willoughby Miller, katika kitabu chake cha mwaka wa 1890. Alionyesha kwamba viini vidogo visivyoonekana kwa macho hukaa kinywani, hula sukari na wanga tunaokula, kisha hutoa asidi. Asidi hiyo ndiyo inayolegeza jino polepole mpaka shimo litokee. Kwa hiyo wazee hawakukosea kabisa. Kiumbe kipo, ila huwezi kumwona wala kumvuta kwa moshi.

Sasa tuje nyumbani. Kiwanda cha kwanza cha sukari Kenya kilikuwa Miwani, karibu na Kisumu, mwaka wa 1922. Mumias kilianza kusaga miwa mwaka wa 1973, Nzoia mwaka wa 1978, na West Kenya kule Kabras mwaka wa 1981. Sisemi miwa ni adui. Miwa imesomesha watoto wengi wa Kakamega. Lakini sukari iliyokuwa kitu cha wageni na sikukuu imekuwa kitu cha kila siku: chai ya asubuhi, uji, mandazi, soda, peremende za dukani, na kipande cha muwa mkononi njia nzima ya kutoka shule.

Hapo kwenye "njia nzima" ndipo penye jambo. Kuanzia mwaka wa 1945, katika hospitali ya Vipeholm nchini Uswidi, wagonjwa wenye ulemavu wa akili walipewa sukari kwa namna mbalimbali ili meno yao yachunguzwe. Hawakuulizwa kama wanakubali, na leo jambo hilo lisingeruhusiwa. Meno yao yaliharibika ili sisi tujue hili: sukari inayoliwa pamoja na chakula ilileta madhara machache, lakini tofi zinazonata, zikiliwa kati ya mlo na mlo, ziliozesha meno vibaya. Kila mara mtoto anapomung'unya kitu kitamu, jino huogeshwa asidi upya. Afadhali basi ale kitamu chake mara moja, pamoja na chakula, kuliko kukitafuna kidogo kidogo kutwa. Na mtoto asilale na chupa ya chai au juisi mdomoni. Usiku mate hupungua, na mate ndiyo yanayolisafisha jino.

Jambo la pili ni floraidi. Mwaka wa 1945 mji wa Grand Rapids, Marekani, ulikuwa wa kwanza kutia madini hayo kwenye maji ya mfereji ili kuzuia meno kuoza. Hapa Kenya tuna ajabu yetu: sehemu nyingi za Bonde la Ufa, kama Nakuru, zina floraidi nyingi mno majini, na meno ya watu hugeuka kahawia. Kwa hiyo sisi tunaipata kwenye dawa ya meno. Soma pakiti uone kama imeandikwa floraidi. Mtoto wa chini ya miaka 3, paka kiasi cha punje ya mchele. Wa miaka 3 hadi 6, kiasi cha njegere. Asugue asubuhi na kabla ya kulala, ateme, asisukutue kwa maji mengi. Na wewe ndiwe umpigie mswaki hadi afikishe kama miaka 7. Mkono wake bado haujui kona za nyuma.

Kuna akina mama husema, "Hayo ni ya maziwa, yatang'oka tu." Magego ya utotoni hukaa mpaka miaka 10 hata 12. Miaka yote hiyo mtoto atatafuna na nini? Ukiona alama nyeupe kama chokaa karibu na ufizi, mpeleke mapema, maana hapo jino bado linaweza kuokolewa bila kutobolewa.

Na kama shimo limeshatokea? Hapa Afrika Mashariki tuna la kujivunia. Katikati ya miaka ya 1980 nchini Tanzania, daktari Mholanzi Jo Frencken na wenzake walihudumia watu wasio na umeme wala mashine. Wakatoa sehemu iliyooza kwa vifaa vya mkono tu, wakaziba shimo. Njia hiyo ilijaribiwa Thailand na Zimbabwe, na mwaka wa 1994 Shirika la Afya Duniani likaikubali. Mtoto anayeogopa mlio wa mashine anaweza kuzibwa hivyo, mara nyingi bila sindano. Ipo pia dawa ya matone yenye madini ya fedha na floraidi, iliyoingizwa mwaka wa 2021 katika orodha ya shirika hilo ya dawa muhimu. Husimamisha uozo, ila shimo hubaki jeusi. Usishtuke.

Usitie jinoni tumbaku, mafuta ya taa wala aspirini. Shavu likivimba na mtoto ana homa, usingoje asubuhi ya Jumatatu. Mlete hospitali siku hiyo hiyo.