Hot Springs: Mji Uliojengwa Bila Hati

Vijana wenzetu, tukisikia Marekani wengi tunawaza ndege na majengo marefu. Leo twende jimbo la Arkansas, kwenye mji mdogo unaoitwa Hot Springs, yaani chemchemi za maji moto. Maji yanatoka mlimani yakiwa na nyuzi joto 62 hivi. Wataalamu wanasema ni mvua ya zaidi ya miaka 4,000 iliyopita: ilizama chini sana, ikapashwa moto na miamba, ikapanda tena.

Sasa, maji hayo ni ya nani?

Ardhi ile ilikuwa ya watu wa Quapaw. Mwaka 1818 waliiachia serikali kwa mkataba. Mwaka 1824 mkataba mwingine ukachukua hata ile waliyobaki nayo. Wakahamishiwa Mto Red, mafuriko yakala mashamba, njaa ikaua watu, wengine wakarudi walikotoka.

Mwaka 1832 Bunge la Marekani lilitenga maili nne za mraba kuzunguka chemchemi ziwe za serikali. Lakini mipaka haikuwekwa vizuri, basi watu wakaendelea kujenga nyumba, hoteli na mabafu. Miaka zaidi ya 40! Watoto wakazaliwa pale, wazee wakazikwa pale. Waliodai ardhi wakafikishana Mahakama Kuu, na tarehe 24 Aprili 1876 hukumu ikatoka: hakuna hata mmoja wao mwenye haki, ardhi ni ya serikali.

Mwaka 1877 ikaundwa tume ya kupima viwanja. Waliothibitisha kwamba walikaa au walijenga pale kabla ya hukumu walipewa haki ya kununua. Chemchemi zenyewe zilibaki za serikali, na mwaka 1921 zikawa hifadhi ya taifa.

Tusiwasahau Wamarekani weusi. Wao ndio walikuwa wanaogesha na kusugua wageni, ila kwa miaka mingi hawakuruhusiwa kuoga kwenye mabafu ya wazungu waliyoyafanyia kazi.

Sisi hapa kambini tunakaa kwenye ardhi isiyo yetu, na nyumbani tuliacha mashamba. Tulichojifunza ni hiki: kukaa peke yake hakutoshi, ushahidi ndio unaosema. Kama mzee wako bado anakumbuka mipaka ya shamba, majina ya majirani na mwaka mlioondoka, kaa naye jioni ya leo, uandike. Iko siku tume itauliza.