Omo, Tezi na Goshi: Pande za Chombo Kutoka Pwani Hadi Musoma

Omo ni sehemu ya mbele ya chombo, tezi ni ya nyuma. Maneno haya hayategemei aliyemo chomboni ametazama wapi, na hapo ndipo penye thamani yake. Mvuta makasia huketi ameipa omo mgongo, kwa hiyo mkono wake wa kulia uko ubavu wa kushoto wa chombo. Mpiga kafi hutazama omo, na mikono yake hulingana na ya chombo. Nahodha akipaza sauti "Kulia!" kwenye mashua yenye watu wa namna zote mbili, wengine watavuta upande usiotakiwa. Akitaja omo, hakuna wa kuuliza.

Mabaharia wa pwani walikipa kila kipande cha jahazi jina lake. Chini kuna mkuku, unaobeba mataruma, yaani mbao za kiunzi; nyuma kuna shetri na usukani; katikati, mahali maji yavujayo hukusanyika yakatekwa na kumwagwa, ni ngamani. Ndiyo maana ya methali "Kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani": ukitangatanga kote chomboni, mwisho utarudi kwenye kazi ya kuteka maji. Upepo unaovuma usoni mwa chombo huitwa pepo za omo, na msemo huo umeingia hata katika mazungumzo ya watu wasiowahi kupanda jahazi.

Mbavu mbili za chombo zina historia ya pekee. Ulaya ya kaskazini, zamani za kale, chombo kiliongozwa kwa kasia kubwa lililofungwa ubavuni kulia, na ubavu huo ukapata jina kutokana na kasia hilo. Wa kushoto ndio uliolazwa gatini, kasia lisije likavunjika. Majina ya Kiingereza ya pande hizo yalikuja kufanana mno kwa sauti, jambo la hatari wakati wa dhoruba, hata mwaka 1844 Jeshi la Majini la Uingereza likaamuru neno la kushoto libadilishwe. Jahazi la Waswahili halikuwa na sababu ya kupita njia hiyo, kwa kuwa usukani wake umening'inia nyuma, katikati. Kilichotofautisha mbavu zake ni upepo.

Tanga la jahazi lina pembe tatu na huning'inia kwenye foromali, yaani boriti ya tanga. Pembe yake ya chini ya mbele hufungwa upande upepo unakotoka. Pembe hiyo na kamba yake ndiyo goshi, wengine husema joshi. Kamba ya pembe ya nyuma, inayovutwa au kulegezwa kulingana na nguvu ya upepo, ni demani. Hivyo ubavu unaopigwa na upepo ni upande wa goshini, na ubavu wa pili ni upande wa demani. Chombo kikigeuzwa, majina nayo yanahama: ubavu uliokuwa goshini sasa ni wa demani. Mgeni huona jambo hilo linachanganya, lakini kwa baharia ni msaada mkubwa, kwa sababu jina lenyewe linamwambia maji yatarukia wapi, asimame wapi na mizigo iegemezwe wapi. Neno kulia halimwambii lolote kati ya hayo.

Msamiati huu ulifika Ziwa Viktoria pamoja na biashara. Kuanzia Buganda hadi Ukerewe, wenyeji walikuwa na mitumbwi yao mirefu ya mbao zilizoshonwa, iliyoendeshwa kwa kafi na kuongozwa na mpiga kafi wa nyuma, bila usukani wa kuning'inia. Mwaka 1875 mvumbuzi Stanley alipofika Kageyi, karibu na Mwanza ya leo, alimkuta Songoro, mfanyabiashara wa pwani aliyekuwa na jahazi likiundwa Ukerewe. Stanley mwenyewe aliondoka Machi mwaka huo na mashua yake, Lady Alice, akapita Ghuba ya Speke, ufuko wa Bunda ya leo, kisha Majita, akielekea kaskazini huku nchi kavu ikiwa kuliani kwake. Songoro aliuawa Ukerewe Desemba 1877 pamoja na wamisionari wawili Waingereza, katika ugomvi uliohusu jahazi.

Omo na tezi hazikupata shida ziwani, lakini majina ya pepo yalipata. Pwani, bahari iko mashariki. Umande hutoka nchi kavu, yaani magharibi. Matlai, neno lenye asili ya Kiarabu ya mahali jua linapochomoza, hutoka baharini. Musoma iko ufuko wa mashariki wa ziwa, kwa hiyo jua huchomoza juu ya nchi kavu na kutua majini. Usiku upepo wa nchi kavu huvuma kutoka mashariki, na mchana upepo wa ziwani huja kutoka magharibi. Matlai na umande, zilizotazamana pwani, huku zinatoka upande mmoja.

Kisha ikaja meli ya moshi. SS William Mackinnon, iliyoundwa Scotland na kubebwa vipande vipande, ilishushwa majini Kisumu mwaka 1900. Mwishoni mwa 1901 reli kutoka Mombasa ikafika hapo, na Musoma ikaja kuwa kituo cha meli za reli zilizozunguka ziwa. Meli isiyotegemea tanga haina goshi wala demani. Mbavu zake hazihami, na kulia na kushoto zikawa za kudumu. Ni hasara ya kweli kwa lugha, maana maneno hayo yalibeba elimu nzima ya upepo. Leo, kwenye mwalo wa Mwigobero mjini Musoma, injini hufungwa tezini, lakini wengi husema tu "nyuma".

Usiku, pande zisizohama husomwa kwa taa. Kanuni za kimataifa za 1972 za kuzuia kugongana kwa vyombo zinataka taa nyekundu kushoto na ya kijani kulia, kwa kutazama omo. MV Butiama, meli yenye jina la kijiji alikozaliwa Mwalimu Nyerere, hufuata kanuni hiyohiyo. Mvuvi wa dagaa akiona kijani peke yake, meli inamwonyesha ubavu wa kulia. Akiona nyekundu peke yake, wa kushoto. Akiziona zote mbili kwa pamoja, omo imemwelekea yeye.