Kutoka Uaminifu hadi Ukweli: Historia ya Neno "Truth" na Tatizo la Kisawe Chake

Anayetafuta kisawe cha neno la Kiingereza "truth" hupewa kwanza neno ukweli. Kisawe hicho kinatosheleza Kiingereza cha leo, lakini humpotosha anayefasiri maandishi ya kale. Makala hii inaonesha kwamba neno hilo lilikuwa sifa ya mtu kabla ya kuwa sifa ya kauli, na kwamba historia hiyo inamhusu mfasiri wa Kiswahili.

Katika Kiingereza cha Kale, umbo "trēowþ" lilimaanisha uaminifu, utiifu na ahadi iliyofungwa kwa neno la mtu. Lilitokana na kivumishi "trēowe", yaani mwaminifu, chenye nasaba moja na "treu" la Kijerumani na "trouw" la Kiholanzi, ambayo yangali na maana ya uaminifu hadi sasa. Kauli inayolingana na mambo yalivyo ilikuwa na neno lake, "sōþ". Kwa ufupi, mtu alikuwa na "trēowþ", ilhali habari ilikuwa "sōþ".

Mpaka huo ulianza kufutika hasa katika karne ya 14. Richard Firth Green, katika kitabu chake A Crisis of Truth (1999), anayahusisha mabadiliko hayo na kuenea kwa matumizi ya hati katika sheria ya Uingereza. Awali, mapatano yalisimama juu ya kiapo cha mtu aliyefahamika kwa jirani zake. Hati ilipopata nguvu, uzito ulihama kutoka kwa mwapaji kwenda kwenye maandishi. Uasi wa wakulima wa mwaka 1381 unaonesha mvutano huo. Waasi walichoma hati za mabwana katika sehemu mbalimbali, huku wakijitambulisha kuwa upande wa mfalme Richard na wa umma ulio "true". Kwa kivumishi hicho hawakudai kwamba umma husema kweli. Walidai kwamba haukusaliti.

Ushahidi wa kifasihi unapatikana kwa Geoffrey Chaucer, aliyefariki mwaka 1400. Katika hadithi ya Franklin, iliyomo katika The Canterbury Tales, Dorigen, mke wa mtu, anamwahidi Aurelius kwa mzaha kwamba atampenda iwapo ataiondoa miamba yote ya pwani ya Brittany. Aurelius anamwajiri mtaalamu wa kiinimacho, na miamba inaonekana kana kwamba imetoweka. Hata hivyo, Arveragus, mume wa Dorigen, anashikilia kwamba mkewe lazima aitunze "trouthe" yake. Mfasiri akiandika ukweli hapo, hadithi inavunjika, kwa maana miamba haikuondoka kwa kweli. Kinachotunzwa ni ahadi, hata pale ambapo tukio lenyewe ni la uongo.

Baadaye "truth" lilichukua nafasi ya "sooth", ambalo leo limesalia katika maneno machache kama "soothsayer", yaani mtabiri. Maana kongwe ilibaki katika "troth", umbo pacha linalosikika katika viapo vya ndoa.

Kiswahili hakikosi nyenzo za kulikabili tatizo hili. Kweli na hakika huelekea kwenye kauli na jambo. Uaminifu na amana, yenye asili ya Kiarabu, huelekea kwenye mtu na dhamana aliyopewa. Hata hivyo, mpaka huo nao haukukazwa. Rafiki wa kweli hasifiwi kwa usahihi wa habari anazoleta, bali kwa kutomwacha mwenzake wakati wa shida. Vivyo hivyo, mzizi wa Kiarabu uliokipa Kiswahili kitenzi sadiki ndio unaozaa, katika Kiarabu, jina la ukweli wa usemi na jina la rafiki.

Kwa hiyo, kitomeo cha "truth" katika kamusi ya wafasiri hakipaswi kuishia kwenye kisawe kimoja. Kinahitaji kutenganisha fahiwa kwa vipindi: uaminifu na ahadi kwa matini za kale, ukweli kwa matini za sasa. Bila utengano huo, msomaji wa Kiswahili atawaona watu wa karne ya 14 wakibishana juu ya usahihi wa habari, ilhali walichogombania ni nani aliyestahili kuaminiwa.