Kuokoa Data, Kurejesha Data

Mteja anayeingia kwa fundi wa kompyuta Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli Avenue jijini Nairobi hasemi "urejeshaji data", ingawa ndivyo tafsiri nyingi za programu zinavyoandika. Husema: "Fundi, diski yangu imekufa. Nitolee vitu vyangu." Kauli hiyo ina usahihi ambao istilahi rasmi inaukosa. Mteja ameshakubali kwamba diski imekwenda. Anachotaka ni kilichomo ndani.

Kurejesha ni kukirudisha kitu pale kilipokuwa, na neno hilo linafaa kabisa kwa faili lililofutwa kwa bahati mbaya. Kompyuta inapofuta faili, kwa kawaida haigusi yaliyomo. Hulitoa tu jina lake kwenye orodha, kisha nafasi ile ikahesabiwa kuwa wazi. Yaliyoandikwa hubaki palepale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. PhotoRec, programu ya bure ya Mfaransa Christophe Grenier, haiitegemei hata hiyo orodha: hupita diski nzima ikitafuta alama za mwanzo wa mafaili. Picha ya JPEG, kwa mfano, huanza na baiti FF D8 FF. Picha za harusi zitarudi, ila majina yake yamekwenda, na mwenyewe atakaa na mamia ya picha zinazoanza na herufi f na msururu wa tarakimu. Ni kazi ya kuchosha, lakini diski yenyewe ni nzima na hakuna haraka, mradi tu kisiandikwe kitu kingine juu yake.

Diski inayokufa ni shauri jingine.

Ndani yake mna sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na juu ya kila uso wa sahani huelea kichwa cha kusomea, kwa umbali wa nanomita chache tu. Unene wa unywele mmoja ni makumi ya maelfu ya nanomita. Kichwa kikigusa sahani hukwaruza, na vumbi la mkwaruzo huo husambaa na kukwaruza kwingine. Ule mlio wa tik, tik, tik ambao mafundi wanaujua vizuri mara nyingi ni mkono wa kichwa ukienda kutafuta alama za kuuongoza, ukizikosa, ukirudi ulikotoka na kuanza upya. Ndiyo maana neno "kufufua", ambalo wengine hulipenda, lina madhara: anayeamini kwamba diski inafufuka ataizima na kuiwasha tangu asubuhi hadi jioni, au ataitia kwenye friza kwa ushauri wa jirani, na unyevu ukamalizia kilichobaki.

Neno linaloiweka kazi hii sawasawa ni kuokoa. Jahazi likizama, mwokoaji hashughuliki na tobo. Anatoa watu, akianza na walio karibu. Programu ya ddrescue, iliyoandikwa na Antonio Diaz Diaz, hufanya hivyohivyo. Mzunguko wa kwanza huchukua sekta zinazosomeka kwa urahisi na kuziruka zenye matatizo, ili diski isife ikiwa inang'ang'ania sehemu mbovu. Baadaye huzirudia zile mbovu, polepole. Kila hatua huandikwa kwenye faili la ramani, hivyo kazi inaweza kusimamishwa leo na kuendelea kesho. Kwenye skrini, kiasi kilichopatikana huitwa kwa Kiingereza "rescued", yaani "kilichookolewa", si "kilichorejeshwa". Nakala huwekwa kwenye diski nyingine nzima, na hapo ndipo kurejesha kunapoweza kuanza, juu ya nakala, si juu ya mgonjwa.

Mfano mkubwa ni wa chombo cha angani Columbia, kilichosambaratika juu ya Texas tarehe 1 Februari 2003 na kuua wanaanga wote saba. Kwenye mabaki ilipatikana diski ya megabaiti 400 iliyokuwa na matokeo ya jaribio la gesi ya xenoni. Kwa nje ilikuwa imeungua vibaya. Wataalamu wa kampuni ya Kroll Ontrack walizitoa sahani, wakazisafisha na kuzipachika kwenye kiunzi kipya, wakapata takriban asilimia 99 ya data. Matokeo ya jaribio yalichapishwa mwaka 2008. Hakuna aliyejaribu kuifufua ile diski.

Kwa diski za SSD, zisizo na sahani wala kichwa, mambo yamegeuka. Faili likifutwa, mfumo huiarifu diski kwa amri iitwayo TRIM, nayo husafisha nafasi hiyo yenyewe, mara nyingi ndani ya muda mfupi. Kurejesha, kazi iliyokuwa nyepesi, huko mara nyingi hakuwezekani tena. Na SSD inapokufa haigongi tik tik: inaweza kusoma vizuri jioni, na asubuhi kompyuta isiione kabisa.