Henza ni henza, iwe ya usumba au ya nailoni

Imezoeleka miongoni mwetu wapenzi wa Kiswahili kudai kwamba maneno ya kale huuawa na vitu vipya. Nailoni ikiingia, eti msamiati wa baharini unakufa. Mimi naona dai hilo lina kasoro, na historia ya kamba moja ya chomboni inatosha kulipima.

Kamba hiyo ni henza, ile nene ya kupandishia tanga. Ncha yake moja hufungwa kwenye foromali, mti unaobeba tanga, kisha hupitishwa juu ya mlingoti. Ncha ya pili huwa na gofia, na ndani ya gofia hupita jarari, kamba wanayoivuta mabaharia wanapotweka. Ukiyachunguza majina haya, msomaji, utaona yanafuata kazi ya kila kamba, si kitu iliyosokotwa kwacho.

Zamani kitu hicho kilikuwa usumba wa nazi. Makumbi yalifukiwa ufuoni kwa miezi kadhaa, yakafukuliwa na kupondwa, kisha nyuzi zikasokotwa. Kazi ya wanawake hasa. Hata mbao za mtepe zilishonwa kwa kamba za aina hiyo.

Ulaya nako mambo yalibadilika. Mwaka 1834 Wilhelm Albert alibuni kamba ya waya kwa ajili ya migodi ya Clausthal, Ujerumani. Baadaye waya ukaingia baharini, na mashua nyingi za starehe zikatweka matanga kwa waya kwa kuwa haunyumbuki ovyo. Lakini waya nao una maudhi yake: hushika kutu, na nyuzi zake zikikatika huchoma viganja. Nailoni iliyobuniwa Marekani mwaka 1935 ilikuwa imara, ila kwa henza hunyumbuka mno. Poliesta ya Uingereza, ya mwaka 1941, ilifaa zaidi. Kisha zikaja nyuzi kama Dyneema, nyepesi, zinazoelea majini na zisizonyumbuka sana. Basi wenye mashua wakaanza kuung'oa waya. Fundi makini haishii kwenye kamba. Hukagua pia gurudumu la abedari, kwa maana makovu yaliyoachwa na waya yataila kamba mpya.

Katika mabadiliko hayo yote, Waingereza hawakulitupa neno lao halyard, ambalo asili yake ni kitenzi cha kuvuta. Na kwetu pwani, nailoni iliposhika nafasi ya usumba, henza ilibaki henza.

Ni nini basi kinacholitia neno hili hatarini? Ni injini! Chombo kikisukumwa na mashine, hakuna cha kutweka, na kijana hana sababu ya kutamka henza, foromali wala demani. Lakini kijana huyo huyo anasema nahodha na nanga, maneno yenye asili ya Kiajemi, na usukani, lenye asili ya Kiarabu. Kwa nini haya yamesalia? Kwa sababu chombo cha injini bado kina wa kukiongoza, bado hutia nanga na bado hugeuzwa. Ukongwe wa neno hauliui. Neno hufa pale kazi yake inapokoma.

Kwa hiyo, kuorodhesha maneno kamusini peke yake hakutoshi. Kamusi ikisema tu kwamba henza ni "kamba ya kupandishia tanga," mwanafunzi wa Kitui au Kakamega atalikariri kwa ajili ya mtihani, halafu basi. Pale Lamu, mashindano ya mashua bado yanawalazimu vijana kutweka na kutua tanga. Waandishi wa kamusi na vitabu vya shule waende huko na daftari, wawaulize mafundi na manahodha kila kamba inafungwa wapi na inavutwa lini, na wachore michoro, maadamu wajuzi wenyewe wangali hai.